Zabibu moja, chupa tatu

Dada, umeuliza mada ya kuonja mvinyo nyumbani na wageni wanane. Mimi ningechagua zabibu moja tu, Chenin Blanc. Inalimwa Dodoma, Afrika Kusini na Vouvray kule Ufaransa, kwa hiyo wageni wataonja jinsi udongo na jua vinavyoibadilisha zabibu ileile. Vouvray ukiikosa, hizo mbili zinatosha kabisa.

Chupa ya mililita 750, ukimmiminia kila mtu mililita 60, inabaki ya kurudia. Zipoze kwenye friji, uzizungushie magazeti, uandike namba, watu wabashiri. Mvinyo mtamu uje mwisho. Ukitangulia, usio mtamu utaonekana mchachu tu. Kwa vitafunio, korosho na samaki wa kukaanga. Pilipili usiilete mezani, tafadhali!