Zije, lakini tujue wa kumshtaki

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: je, meli zinazojiendesha zenyewe ziruhusiwe kupita katika bahari yetu? Mimi ni mvuvi wa Kizingitini, Lamu. Nasema ziruhusiwe, ila sheria itangulie.

Faida zake naziona. Julai 2020 meli ya Wakashio ilipanda mwamba Mauritius, ikamwaga mafuta yapata tani 1,000 penye matumbawe na mikoko kama ya kwetu. Uchunguzi ulionyesha iliachishwa njia yake ikasogezwa pwani ili mabaharia wapate mtandao wa simu. Kompyuta isingefanya hivyo. Na kule Norway, Yara Birkeland, meli iliyoundwa ijiendeshe yenyewe, inabeba makontena ya mbolea tangu 2022 kwa nguvu ya betri, bila moshi.

Lakini kumbukeni kilichofuata Mauritius. Nahodha na msaidizi wake walishtakiwa, na Desemba 2021 wakahukumiwa kifungo cha miezi 20. Hata sisi, mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ilipoamua wavuvi wa Lamu tulipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi wa bandari, tulikuwa tunajua wa kumshtaki. Meli isiyo na mtu ikipita na jarife langu usiku, nimfuate nani? Mwenye meli, aliyeandika programu, au yule aliyekaa mbele ya skrini nchi nyingine? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unataka kila meli iwe chini ya nahodha na maofisa wenye ujuzi. Shirika la bahari la kimataifa, IMO, lilipomaliza kuipitia mikataba yake mwaka 2021, suala la nani ahesabiwe nahodha lilikuwa miongoni mwa mazito yaliyohitaji kutatuliwa.

Linalonikosesha usingizi zaidi ni usiku wenyewe. Kanuni za kuzuia migongano baharini za 1972 zinataka kila chombo kiwe na ulinzi wa macho na masikio, na katika bahari ya wazi meli ya injini impishe mwenye tanga na mwenye nyavu majini. Sasa itazameni mashua yetu: ubao mtupu, taa moja, hakuna kifaa cha kutangaza mahali ilipo. Rada huiona kwa shida, na kusi ikivuma hupotea kabisa kati ya mawimbi. Najua meli hizi hufungwa kamera na vihisi joto. Basi vijaribiwe hapa, kwa mashua zetu, katikati ya kusi, si katika maji tulivu ya Norway pekee.

Halafu kuna uokoaji. Mkataba ule wa Sheria ya Bahari unamtaka nahodha asaidie watu walio hatarini kadiri awezavyo. Mashua ikipinduka, mtu akabaki ameng'ang'ania dumu, nani atamtupia kamba?

Bandari ya Lamu ilipokea meli yake ya kwanza Mei 2021, na nyingine zitakuja. Bunge liirekebishe Sheria ya Meli za Biashara ya 2009: meli ya aina hii isiingie bila mwakilishi aliyesajiliwa Kenya, anayeweza kuitwa mahakamani, na bila bima ya kulipa nyavu, chombo na roho ya mtu. Na BMU zetu, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, ziitwe kabla rasimu haijaandikwa.