Maswali ya Wasomaji: Nina shahada ya mitambo, je, nitasoma uhandisi wa anga?

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba. Nimehitimu uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa daraja la pili la juu, na huu ni mwaka wa pili nahudumia majenereta na viyoyozi katika hoteli moja ya Nungwi. Nataka kusoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa anga. Wenzangu wanasema pasipo shahada ya kwanza ya anga sitapokelewa, na mama ananiuliza nikisharudi nitafanya kazi gani hapa visiwani. Je, niombe nchi gani, na nani atalipa?

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Wenzako wamekutisha bure. Vyuo vingi vinavyofundisha uhandisi wa anga katika ngazi ya uzamili huwapokea wahitimu wa uhandisi wa mitambo, kwa kuwa hisabati, mekanika, thamodinamiki (elimu ya joto na nishati) na elimu ya mwendo wa hewa na maji ndiyo misingi ya fani zote mbili. Utakachopungukiwa ni mambo kama mwendo wa hewa inayobanwa kwa kasi inayokaribia au kuipita ile ya sauti, pamoja na mekanika ya ndege angani, na hayo waweza kuanza kuyasoma mwenyewe sasa hivi.

Linalonishughulisha zaidi ni kwamba umeuliza nchi kabla ya kuchagua tawi. Neno "anga" kwetu limebeba ndege na setilaiti kwa pamoja, na ndani yake mna matawi yasiyofanana: aerodinamiki (jinsi hewa inavyopita kwenye ndege), miundo ya mbawa na kiwiliwili cha ndege, injini, mifumo ya udhibiti, na vyombo vya anga za juu. Ukiniuliza mimi, ningekuelekeza kwenye injini. Mikono yako imeshazoea joto na mgandamizo: injini ya jeti hubana hewa, huichoma pamoja na mafuta, kisha huiacha itanuke na kuzungusha tabo, yaani gurudumu lenye mapanga, na kanuni zinazoeleza hayo ndizo zinazoeleza jenereta lako na kiyoyozi chako. Katika barua yako ya maombi, miaka yako ya Nungwi iandike hivyo, usiifiche kama kazi ya kusubiria.

Ukishachagua tawi, nchi zitajichuja zenyewe. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, kozi ni ya miaka miwili na ina mikondo mingi. Chuo cha ISAE-SUPAERO kiko Toulouse, Ufaransa, mji wenye makao makuu ya Airbus, kampuni ya kuunda ndege, na kina shahada ya uzamili inayofundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo Kifaransa kisikuzuie kuomba. Uingereza, Chuo Kikuu cha Cranfield kina kiwanja chake cha ndege, na kozi zake za uzamili kwa kawaida ni za mwaka mmoja. Ila huko, raia wa nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, hutakiwa kupata kibali cha usalama kiitwacho ATAS kabla ya viza ya kusomea fani hii, nacho huchukua wiki kadhaa. Wapo wanaokikumbuka siku za mwisho.

Ujerumani imevuma kuwa husomesha bure, na kwa majimbo mengi ni kweli, lakini Chuo Kikuu cha Stuttgart hutoza wanafunzi wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kilianza kuwatoza ada mwaka 2024. Marekani ina vyuo vizuri mno, lakini sheria zake za kulinda teknolojia ya roketi na setilaiti huwafungia wageni ajira nyingi za sekta hiyo, hivyo usiende ukitegemea kubaki kufanya kazi. Karibu na nyumbani, Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kinafundisha uhandisi wa ndege, na Cape Town kuna chuo cha teknolojia ambacho wanafunzi wake walitengeneza setilaiti ndogo ya ZACUBE-1 iliyorushwa mwaka 2013.

Kuhusu malipo, tazama ufadhili wa Jumuiya ya Madola na wa Chevening kwa Uingereza (huu wa pili hudai uzoefu wa kazi wa takriban miaka miwili, ambao unakaribia kuutimiza), Erasmus Mundus kwa Ulaya, ufadhili wa serikali ya China kwa chuo kama Beihang cha Beijing, na ule wa Uturuki, ambao huweka umri wa chini ya miaka 30 kwa waombaji wa uzamili. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar nayo uiulize mapema, kabla hujapata barua ya kukubaliwa.

Sasa swali la mama, ambalo ndilo gumu. Shahada ya uzamili haikupi ruhusa ya kutia saini kwamba ndege imefanyiwa matengenezo na inafaa kuruka. Ruhusa hiyo ni leseni ya fundi mhandisi wa ndege, inayosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hupatikana kwa mafunzo, mitihani na miaka ya kazi ya mikono. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kinafundisha njia hiyo. Ikiwa unachokitamani ni kuishika ndege yenyewe pale uwanjani, basi ifuate hiyo, wala si duni. Uzamili ni wa anayetaka kubuni, kukokotoa, kufanya utafiti au kufundisha.

Na kazi hizo hapa si ngeni kama watu wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vyao vya angani pale Tunguu, kikafungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Leo Tunguu ndiko iliko kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Wanafunzi wa chuo hicho walishiriki katika kazi iliyoanza mwaka 2016 ya kuipiga picha Unguja na Pemba kwa droni ili kuchora ramani. Droni kama hizo ni ndege kamili, zina mbawa, mota na udhibiti. Mwambie mama kwamba huko, pamoja na ualimu wa chuo kikuu, ndiko ningekutafutia kazi kwanza ukirudi.