Kitufe cha kuzima leza: waya ukikatika, mwanga ufe

Kijana mmoja wa Likasi ameniandikia: "Yaya, nimenunua projekta ya leza ya wati 6. Nataka kuizima nikiwa mbali, kwa rimoti ya geti. Itatosha?" Haitatosha, mdogo wangu. Na kwa kuwa sisi wote wa sono (vyombo vya muziki) na mataa hapa Lubumbashi tunatafuta kitu kimoja, sale, yaani ukumbi, ijae miali na watu waulize nani kaifanya, najibu mbele ya wote.

Leza ikizidi miliwati 500 iko daraja la 4, la juu kabisa. Kope za mtu hufunga baada ya robo sekunde hivi. Kwa kalamu ya leza ya miliwati 1 hilo linamwokoa. Kwa mwali wa daraja la 4 retina, utando wa nyuma ya jicho, imeshaungua. Ndiyo maana kanuni ya kimataifa IEC 60825-1 inataka mashine za daraja la 3B na la 4 ziwe na mahali pa kuunganisha kizuizi cha mbali, yaani nyaya za nje ambazo zikikatika mwanga unazima. Kwenye ILDA, plagi ya projekta za leza yenye pini 25, pini ya 4 na ya 17 zimetengewa kazi hiyo.

Mimi haya nimeyarithi. Baba alikuwa fundi wa umeme Gécamines, kampuni ya migodi ya huku kwetu. Kando ya mikanda ya kubebea mawe hupita kamba: mfanyakazi akiivuta popote alipo, mkanda unasimama, na hauondoki tena mpaka mtu aende pale pale kuirudisha swichi. Baba alikuwa akituuliza mezani: waya ukikatika, mashine inafanya nini? Ukijibu "haijui", hukuwa umejibu.

Mwezi huu, kwenye harusi moja mtaa wa Golf, niliona faida ya malezi hayo. Miali nilikuwa nimeipitisha zaidi ya mita 3 juu ya sakafu. Mjomba wa bibi harusi, kwa furaha, akapanda mezani akiwa na mtoto mabegani. Msichana niliyemkabidhi kitufe alibonyeza kabla mimi sijageuza kichwa. Leza zikafa, muziki ukaendelea, wageni hawakujua kitu. Nilijivunia kazi ile, na bado najivunia. Kuna mwandalizi mmoja wa sherehe aliyewahi kuninyima kazi akisema kitufe changu chekundu kinatisha wateja. Inaniuma hadi leo, lakini kitufe sijakiondoa.

Sasa mpango wenyewe. Volti 24 zinapita kwenye kontakti ya kitufe ambayo imefungwa muda wote, zinashikilia rele (swichi inayoshikwa na umeme), na rele ndiyo inayoiruhusu projekta kutoa mwanga. Ukibonyeza, rele inaachia. Kebo ikikatwa, inaachia. Umeme ukiondoka, inaachia. Rimoti ya geti inafanya kinyume: inatuma amri, na betri ikiisha hakuna amri. Ukitaka redio kwa lazima, iwe ile inayotuma "nipo" bila kukoma, na kipokezi kikate mwanga mara tu kisiposikia kitu.

Hapo wengi huridhika, na hapo ndipo hatari ilipo. Mguu wa meza ukiponda kebo, nyaya mbili zinaweza kugusana ndani. Umeme utapitia hapo bila kufika kwenye kitufe, nawe utabonyeza bure. Kwa hiyo weka njia mbili na rele mbili: kitufe kikate upande wa chanya kwenye njia moja na upande wa hasi kwenye nyingine. Nyaya za njia moja zikigusana, ya pili bado inakata. Njia hizo mbili zikigusana, fyuzi inaungua na mwanga unazima. Kontakti za rele zipangwe mfululizo, moja ikiganda nyingine ifungue. Zipo rele za usalama zilizotengenezwa tayari, zinazojikagua kila unapowasha. Nunua hiyo. Ndugu zangu, tunatoa dola kwa suti za kupandia jukwaani, na jicho la mtoto halina spea.

Projekta zikiwa nyingi, kila moja ipewe kontakti zake. Usichanganye umeme wa ndani wa moja na wa nyingine. Usitegemee kompyuta kuzima: programu ikiganda, au vioo vya ndani vinavyochezesha mwali vikisimama, mwali unabaki mahali pamoja, na labda mahali hapo pana uso.

Halafu kuna umeme wa mji wetu, unaoondoka na kurudi unavyotaka. Ukirudi, leza isiwake yenyewe. Kuzungusha kitufe chekundu kukirudisha kusiwashe pia. Kuwasha kuwe na kitufe chake, kinachobonyezwa na mtu anayeiona sale.

Kabla wageni hawajaingia: bonyeza, chomoa kebo, zima jenereta. Kila mara mwanga ufe na ubaki umekufa mpaka wewe uuwashe. Na anayeshika kitufe asiwe DJ wala wewe unayekimbizana na nyaya. Awe mtu asiyekunywa usiku huo, aliyeketi mahali anapoona miali yote, mwenye ruhusa ya kubonyeza bila kumuuliza mtu, hata bwana harusi. Mlipe siku hiyo hiyo, hata kama hakubonyeza.