Mana ya jana inaoza

Mdogo wangu, juzi umeniuliza kwenye grupu la kwaya mbele ya watu wote, "dada, hivi huko Ufini una furaha kweli au unatupostia tu, maana wiki iliyopita umesema umechoka na leo unasema Mungu ni mwema, tushike lipi?" Kuna waliokwambia unyamaze. Usinyamaze, umeuliza vizuri, na najibu hapahapa wote wasome.

Shikeni yote mawili.

Niko Oulu, kaskazini huku. Desemba jua linachomoza saa nne na kitu asubuhi na saa nane na kitu mchana limeshazama, yaani nyie hapo Kimara mshapanda basi la mwendokasi, mshafika Kariakoo na jua linawachoma, mimi bado natembea gizani kwenye theluji. Kazi ni kuhudumia wazee, naamsha, naogesha, nalisha, natandika, kesho tena hivyohivyo. Watu wanadhani kinachoumiza huku ni baridi. Baridi unanunua koti yanaisha. Kinachotafuna ni siku kufanana, na kwenye basi hakuna anayekusalimia, sio kwa ubaya, ndivyo walivyo, ila mtu uliyezoea kuanzia kwa mangi mpaka kwa konda kila mtu anakuita dada, miezi mitatu ya ukimya ule unaanza kuona kama vile haupo.

Sasa niseme ukweli wangu. Siku naondoka mlinifanyia maombi pale nyumbani kwa mama, mchungaji akaniwekea mikono, tukaimba mpaka usiku, na mimi ile nguvu nikaibeba kama chakula cha safari nikajua itanitosha. Nikawa sisali, nakumbuka tu tulivyosali. Ilipofika Januari imeisha yote, nikawa nahisi Mungu nimemwacha uwanja wa ndege.

Ndo usiku mmoja nikafungua Kutoka 16, ile ya mana, chakula ambacho Mungu aliwashushia Waisraeli jangwani kila asubuhi, tunaifundishwa tangu shule ya Jumapili lakini mi sikuwahi kuielewa. Walioiweka mpaka asubuhi waliikuta ina mabuu na inanuka. Chakula alichotoa Mungu mwenyewe! Hakikuwa kibaya, kilikuwa cha jana. Nilikaa kitandani nikalia, maana niliona wazi kwamba nilikuwa nakula maombi ya mwaka uliopita.

Halafu nendeni Hesabu 11. Pale watu wanalia wakati mana ipo, njaa hakuna, wamechoka kula kitu kilekile kila siku basi, wanakumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu, wamesahau kabisa kwamba kule walikuwa watumwa. Mi nilikuwa hivyohivyo, nawaza samaki wa Feri na mihogo ya Coco Beach, nimesahau miaka miwili niliyokaa hapo Dar bila kazi nikimlilia Mungu anifungulie mlango. Sisemi Dar ni Misri jamani, Dar ni nyumbani. Nasema moyo ukichoka unadanganya kuhusu ulikotoka. Na Mungu aliendelea kuwapa mana ileile miaka 40 mpaka wakafika Kanaani, hiyo inanitia moyo kuliko hayo mahubiri ya kila Januari kwamba mwaka huu ni mwaka wako wa kuvuka. Unaweza usivuke mwaka huu na bado ukalishwa.

Kuna bibi mmoja namhudumia, kumbukumbu zake zimeisha. Kila asubuhi ananiuliza natoka wapi, nikisema Tanzania anashtuka upya, anashika mikono yangu anaisugua, anauliza nina glavu? nimekunywa kahawa? Mwanzo ilikuwa inanichosha, unajibu swali moja siku mia. Siku hizi ndo kitu nasubiria, kwa sababu yule mama ananihurumia kila siku kama mara ya kwanza, na Maombolezo 3 inasema rehema za Bwana ni mpya kila asubuhi, sasa mi nimeiona hiyo ikinisugua vidole.

Mambo magumu yapo. Mama mkubwa alipofariki mnajua sikuja, kibali changu cha kuishi kilikuwa bado hakijatoka, nikaangalia mazishi ya Kinondoni kwenye simu mtandao unakatakata, nikaona mchanga wa kwanza tu halafu picha ikaganda. Sijapata neno la kulifunika hilo na sitalitafuta. Asubuhi yake nilisali sentensi moja, "Bwana nipe ya leo", nikaenda shifti. Na mkataba ukiisha nitatafuta kazi upya, kwa hiyo mkinitumia meseji ya ada au kodi nikachelewa kujibu sio kwamba nimewadharau, ujue nahesabu.

Kwa hiyo furaha? Ipo, kuna siku nakuwa nayo asubuhi na jioni sina, nikiamka naomba tena. Usije huku ukitegemea imani ya kwaya itakubeba mdogo wangu, anza kusali peke yako ukiwa bado hapo Kimara, hata dakika tano, kabla mwendokasi haijajaa.

Mwambie mama nitampigia Jumapili baada ya ibada, tumepishana saa moja tu kipindi hiki, asilale na simu mkononi.