Simama kabla hujalazimika: Dodoma hadi Iringa kwa baiskeli na hema, peke yako

Barabara ya Dodoma hadi Iringa kupitia Mtera ina kilomita 260 hivi, lami mwanzo hadi mwisho. Kwa anayetaka kusafiri peke yake kwa baiskeli na kulala kwenye hema kwa mara ya kwanza, sijui shule nyingine inayofundisha haraka kama hii. Magari ni machache ukilinganisha na njia ya Morogoro, ambayo mbali na malori yake inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Tembo hana habari kwamba wewe ni mpita njia tu; kipande kile pakia baiskeli kwenye basi.

Huku Mtera adui ni jua, miiba na kuchelewa, na hicho cha tatu ndicho kibaya zaidi. Makosa karibu yote ya njia hii ni kosa moja lenye sura nyingi: kunywa ukiwa tayari na kiu, kula ukiwa tayari unatetemeka, kutafuta pa kulala giza likiwa tayari mlangoni.

Anza na miinuko, si kilomita. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kilomita 70 za kwanza, hadi Fufu, ni nchi ya Wagogo, wazi na yenye upepo. Baada ya hapo unashuka kuelekea bwawa la Mtera, ambalo likijaa kabisa maji yake husimama mita 698.5. Kisha vijiji vya Migoli na Izazi, na mbele yako mlima Nyang'oro, kwa sababu Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500. Kwa hiyo safari inakupa mteremko kwanza na kudai malipo mwishoni, mwili ukiwa umeshachoka. Anayegawa 260 kwa tatu anajikuta Nyang'oro saa nane mchana, anasukuma baiskeli kwa mikono. Gawa kwa nne: Fufu siku ya kwanza, Migoli siku ya pili, kilomita kama 94, ndefu lakini sehemu kubwa inakubeba, siku ya tatu fupi kwa makusudi, ukaishie chini ya mlima mapema, siku ya nne uanze kupanda alfajiri. Siku fupi inauma moyo, maana saa sita mchana miguu bado ina nguvu na unajiona mvivu. Vumilia.

Msimu ni Juni hadi Septemba. Mvua za kanda ya kati huanza kuelekea Desemba, na Oktoba na Novemba joto la bonde la Mtera halina mzaha. Ubaya wa Juni na Julai ni baridi ya usiku upande wa Iringa. Sweta moja zito na soksi kavu za kulalia, ambazo huzivai mchana hata kwa dharura, zinatosha.

Sasa baiskeli. Ile kubwa ya inchi 28 ina sifa moja isiyo na mpinzani: kila kijiji kina fundi wake na kila duka lina spea zake. Lakini haina gia, na mlima Nyang'oro hausamehe mtu. Baiskeli ya mtumba ya inchi 26 yenye gia ndiyo ninayoshauri, ukikubali kwamba spea zake utazibeba mwenyewe, kwa sababu spoki za fundi wa kijijini ni ndefu kwa rimu yako. Beba spoki tatu zilizopimwa kwenye gurudumu lako la nyuma, upande wa gia. Hizo ndizo hukatika: upande ule umekazwa zaidi, na mzigo wote unaulalia. Na ujue kwamba spoki ya upande wa gia haiingii mpaka friwili (lile fungu la meno ya nyuma yanayoshika mnyororo) itolewe, kwa hiyo kifungulio chake kinachooana na friwili yako kiwe kwenye mfuko wa zana. Wengi hubeba spoki na kusahau kifungulio, wakaishia kuomba lifti wakiwa na spea mkononi.

Tyubu mbili za akiba, zenye vali nene kama za pikipiki. Vali nyembamba za baiskeli za mashindano ni nzuri mjini. Kijijini hakuna pampu inayozikubali. Ongeza viraka kumi, solusheni mbili (moja ikishafunguliwa hukauka yenyewe mfukoni), msasa, waya mmoja wa breki, raba za breki jozi moja, mafuta ya mnyororo ya kujaa kichupa kidogo, na funguo za nati zote zilizopo kwenye baiskeli yako. Zijaribu nyumbani, nati moja baada ya nyingine.

Pancha inastahili maneno zaidi, kwa sababu utaipata. Migunga ya njia hii ina miiba mirefu, na matawi yake hukatwa kuzungushia mazizi, kwa hiyo pembeni ya barabara miiba imetapakaa. Ukitoka kwenye lami, ibebe baiskeli, usiisukume. Ikishatoboka, kabla ya kugusa tyubu tafuta kilichotoboa: pitisha kitambaa polepole ndani ya tairi pande zote, kitanasa penye ncha. Kidole nacho kitaipata, lakini kwa damu. Ukiweka tyubu mpya bila kuutoa mwiba, umenunua kilomita mbili tu. Tundu ukishaliona, sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka mpaka mng'ao wa mpira upotee, paka solusheni nyembamba, halafu ngoja. Dakika tano kamili, ukigusa pembeni isilowanishe kidole. Hapa ndipo viraka vingi hufia: mtu yuko juani, amekasirika, anabandika solusheni ikiwa mbichi, kiraka kinateleza kikipata joto la lami. Keti kivulini, kunywa maji, kula karanga. Kisha bandika, kandamiza kwa kisigino cha kiatu, jaza upepo.

Mzigo wote, bila maji, usizidi kilo 15. Mifuko ya pembeni ya dukani ni ghali, na dumu mbili za mraba za lita 20 zilizokatwa mfuniko upande mmoja zinafanya kazi ileile: haziingizi mvua, zinageuka viti jioni na ndoo za kufulia. Zifunge kwenye keria kwa vipande vya mpira wa tyubu ya pikipiki, vizito chini, vyepesi juu. Bolti za keria hulegea kwa mtikisiko. Tia nati zenye plastiki ndani na uzikaze kila asubuhi kabla ya chai. Keria ikianguka upande mmoja kwenye mteremko, dumu huingia kwenye spoki, na hapo safari imekwisha.

Jiko la kupikia liache. Njia hii ina mama ntilie karibu kila kituo, na Migoli utakula perege wa bwawani. Beba karanga, kashata na ndizi za kutosha nusu siku, na noti ndogondogo: mwenye chai ya asubuhi hana chenji ya elfu kumi.

Maji ndiyo hesabu kuu. Panga nusu lita kwa saa asubuhi na hadi lita nzima kwa saa jua likiwa kichwani, uondoke Fufu na lita sita. Nusu lita imalizike kabla hujapanda baiskeli, kisha mafunda machache kila robo saa, kiu iwepo isiwepo. Maji matupu peke yake hayatoshi, jasho linaondoka na chumvi. Pakiti moja ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwenye lita moja, kila siku mchana. Ikiisha, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwenye lita moja, vyote vya kufuta. Ukikojoa rangi ya chai ya rangi, au ukakosa kabisa tangu asubuhi, simama kivulini hapo hapo hata kama kijiji kinaonekana. Maji ya kisima yaliyochafuka yachuje kwa khanga iliyokunjwa mara nne ndipo utie dawa ya kusafishia maji, kwa kuwa tope huila nguvu ya dawa, kisha subiri nusu saa.

Saa zako zitawaliwe na jua. Kunapopambazuka, uwe barabarani. Upepo wa mashariki bado umelala. Saa tano uwe chini ya paa la mtu, na saa tisa uendelee. Saa kumi na moja jioni, popote ulipo, safari ya siku imeisha, hata kama kijiji kinachofuata ni kilomita nane tu. Jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi, na ukanda wetu hauna jioni ndefu, ndani ya dakika ishirini na tano ni giza. Uamuzi huu ufanye asubuhi, akili ikiwa safi. Ukiuacha mpaka jioni utaamuliwa na uchovu, na ukiwa peke yako hakuna wa kukwambia unakosea.

Pa kulala pana adabu yake. Usijifiche porini ukidhani ndiyo usalama. Mgeni aliyejificha ndiye anayetiliwa shaka. Ulizia kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, na kama hawapo, balozi wa nyumba kumi. Shuka kwenye baiskeli mbali kidogo, vua kofia na miwani, kisha:

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Shikamoo mzee. Natoka Dodoma naelekea Iringa kwa baiskeli. Jua limenichwea, naomba sehemu ya kusimamisha hema mpaka asubuhi. Kitambulisho changu hiki hapa."

Kitambulisho kitoe kabla hujaulizwa. Upande wa Dodoma, salamu ya Wagogo, "mbukwenyi", kwa kundi la watu inafungua nyuso. Ukishavuka Mtera badilisha, sasa ni "kamwene" ya Wahehe. Ukipewa uwanja wa shule au kanisa, shukuru. Ukipewa ua wa nyumba, shukuru zaidi, na hapo usile peke yako: kilo ya sukari iliyonunuliwa dukani njiani inatosha, mpe mama mwenye nyumba na si watoto.

Usipige hema kwenye mchanga laini wa korongo hata kama hakuna wingu, mvua inaweza kunyesha mlimani usiyouona. Usipige chini ya mbuyu: kivuli kizuri, lakini mashimo yake ni nyumba za nyuki. Na kando ya maji ya Mtera, hapana kabisa. Viboko hutoka usiku kula majani na hupita njia zilezile, mamba nao wapo. Kalale Migoli kwenye watu. Viatu viingize ndani ya hema, asubuhi vikung'ute; nge hupenda kujificha kiatuni. Ukutani mwa bwawa pana ulinzi, usitoe simu kupiga picha bila kuuliza.

Mtandao unakatika kati ya vijiji, kwa hiyo kubaliana na mtu mmoja nyumbani: kila jioni ujumbe wenye jina la kijiji na jina la aliyekupokea. Akikosa ujumbe hadi saa mbili usiku, aanze kupiga simu.

Barabarani, kioo cha pembeni ni cha lazima. Basi likitoka nyuma na lori likitoka mbele, kuna lami ya wawili tu, na wa tatu ni wewe. Toka mapema, ukiwa na mwendo mdogo, kwa kuwa ukingo wa lami mahali pengine una ngazi ya kuangusha gurudumu. Mteremkoni bana breki kwa vipindi, ya nyuma na ya mbele kwa kupokezana, na anza kubana kabla mwendo haujakolea. Ukiishikilia moja muda mrefu rimu inachemka, na tyubu hupasuka ukiwa kasi.

Nyang'oro panda kwa gia ndogo kabisa tangu kona ya kwanza, hata kama unajisikia aibu kupitwa na mtu anayetembea. Kila dakika ishirini simama dakika mbili. Ukifika juu vaa sweta kabla jasho halijapoa.

Kurudi kwa basi, elewana bei ya mzigo na kondakta kabla baiskeli haijaingia buti, ikishaingia bei si yako tena. Toa pedeli, na uilaze baiskeli upande wa gia ukiangalia juu. Kile kidude cha nyuma kinachohamisha mnyororo kikipindwa na gunia la vitunguu, Dodoma utafika na baiskeli isiyo na gia.