Jibu: Kalibu ya risasi kwa Mauser ya 1871

Kaka wa Nachingwea, umeuliza ununue kalibu (chombo cha kumiminia risasi) ya kipimo gani kwa bunduki yako ya Mauser, maana imeandikwa milimita 11. Usinunue bado! Namba hiyo ni jina tu. Mitutu ya zamani hutofautiana, na kutu ya pwani yetu hula mingine. Kibali cha polisi kikiwepo, fundi bunduki asukume kipande cha madini laini ya risasi kipite mtutu mzima, kisha akipime kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) penye upana zaidi. Kalibu izidi hapo kidogo sana, kama milimita 0.03. Risasi ikiwa nyembamba, gesi hupenya pembeni na madini yake hugandia mtutuni.

Baruti nyeusi, ile ya bunduki za zamani kama yako, inapenda risasi laini: sehemu 20 za madini ya risasi kwa sehemu 1 ya bati. Chagua umbo lenye mifereji mipana, ibebe mafuta ya kutosha. Nta ya nyuki ya Liwale ikichanganywa na mafuta ya kondoo inafaa kabisa.