Kwa nini Ethel Merman hakutamba kwenye filamu

Ndugu, umeuliza iweje Ethel Merman, mwimbaji na mwigizaji wa Marekani, aitwe malkia wa Broadway, yaani kumbi kubwa za maonyesho za New York, ilhali kwenye filamu haonekani sana. Mimi naona sauti yake ilikuwa ya ukumbini. Enzi zile waigizaji hawakuvalishwa vipaza sauti, na huyu binti wa mtaa wa Queens, New York, aliyekuwa katibu muhtasi na hakusomea uimbaji, alisikika hadi viti vya nyuma kabisa. Alianza kuvuma 1930 kwa Girl Crazy, mchezo wa jukwaani wenye nyimbo. Mwaka 1946 akaja na mchezo mwingine, Annie Get Your Gun, ulioonyeshwa mara 1,147, lakini ulipofanywa filamu 1950, nafasi yake akapewa Betty Hutton. Filamu ya Call Me Madam angalau walimwachia, 1953.

Kilichomuuma hasa ni Gypsy. Jukwaani, 1959, alikuwa Rose, yule mama anayewasukuma mabinti zake wawe nyota atake asitake mtu. Kwangu hiyo ndiyo kazi yake bora. Tuzo ya Tony, ile ya maonyesho ya Broadway, ikaenda kwa mwigizaji mwenzake Mary Martin, kisha kwenye filamu ya 1962 Rose akachezwa na Rosalind Russell. Kamera hukaa karibu na uso, na kishindo chake kilionekana kimezidi. Anza na rekodi ya waigizaji wa jukwaani wa Gypsy, utanielewa.